Behewa la Mchafukoge

Haya, sogeeni, na anayechezea simu aiweke pembeni kwanza, maana simu ndiyo iliyoleta maneno yote haya. Juzi mjukuu wangu Mwanaidi, anayesomea kuchora majengo, alikuja nyumbani. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, na kabla sijamkaribisha chai akanipa simu yake niangalie picha. Ilikuwa gesti ya kizamani huko Uingereza. Jengo la ghorofa, katikati lina lango pana lisilo na kizingiti, ukipita langoni unatokea uani, na vyumba vyote vya juu vinautazama ua.

"Babu," akasema, "zamani magari ya farasi yalikuwa yanaingia humu na abiria wake. Farasi wananyweshwa maji, watu wanakula, wanapanda juu kulala, asubuhi safari. Ukiona lango kama hili unafikiria nini?"

Nikamwambia, "Nafikiria treni."

Akacheka sana, akadhani babu kazeeka, kichwa kimeanza kuhama. Simlaumu. Lakini nyinyi mnaotoka chuoni na vyeti vyenu na vile vipimo vya mwanga, nataka mjue kwamba fundi mwenzenu, huyu Omari Kibwana mnayemuona, aliyeshika mwiko tangu hana ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, aliwahi kusimama kwenye lango kama lile, hapa hapa Dar, akaapa kwamba ameona reli. Na kiapo kile kilimtoa mtu nyumbani kwao. Naona aibu kueleza, lakini nitaeleza.

Nyumba yenyewe iko Mchafukoge, ukitoka Mnazi Mmoja unaifikia kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Watu wa mtaa waliiita Nyumba ya Wasafiri. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ni boriti za mikoko. Nilipoingia mara ya kwanza sikuielewa hata kidogo. Lango pana kama la godauni, halafu mlango wa kupandia ghorofani mwembamba, mtu mnene anapita kiubavu. Kwenye pembe mbili za lango, chini kabisa, kuna mawe ya duara yametokeza kama magoti ya mtu aliyekaa. Ukutani uani kuna pete za chuma zimepigwa usawa wa kiuno. Juu kuna ujia wenye matusi ya mbao unaozunguka ua mzima, na milango ya vyumba imepangana humo. Pale langoni, sakafuni, kulikuwa na vipande viwili virefu vya chuma vimelazwa kwenye mawe, kimoja kulia, kimoja kushoto.

Nikamuuliza Fundi Mbaraka, aliyenifundisha kazi, "Hivi vyote ni vya nini?"

Akanijibu, "Umekuja kwa kazi au umekuja kwa hadithi?"

Ndivyo alivyokuwa huyo mtu. Mkono wake ulijua kila kitu, mdomo wake mgumu kama mlango wenye kutu. Alinifundisha kuloweka chokaa pipani mpaka iwe laini kama uji mzito, na mwanzoni sikuvaa chochote mikononi, ikanila vidole, nikashindwa kushika hata tonge. Alinifundisha kugonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ikiwa imeshika ukuta, inaita kwa sauti nzito. Ikiwa imeachana na ukuta, inalia kama kibuyu kitupu. Na jambo moja tu alilieleza kwa maneno mengi, nadhani siku ile aliamka vizuri. Alisimama katikati ya ua ule akasema, "Omari, nyumba hii inavutia pumzi hapa. Kuta zinakunywa maji chini, zinayatoa huku. Ukiuziba ua huu, au ukipaka simenti juu ya chokaa, umemvalisha mtu koti la mvua juani." Nikaitikia ndiyo fundi. Nilisikia, lakini akilini haikuingia.

Mwenye nyumba wakati ule alikuwa hai, Mzee Nasoro, mtu wa Unguja mwenye asili ya Kiarabu, mpole, kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi. Alikuwa na watoto wawili, wote watu wazima: Bi Zuwena, mkubwa, na Salum. Huyo Salum nilimshangaa. Kila asubuhi tunamkuta anafagia ua. Anafagia mpaka pembeni, anazoa tope kwenye mfereji wa maji ya mvua, anasugua hodhi la mawe la kuwekea maji lililokuwa uani, kisha anaegemeza ufagio pale pale kila siku, chini ya pete ya tatu. Nikamnong'oneza Mbaraka, "Huyu ni mtoto wa mwenye nyumba au mfagizi?"

"Shika mwiko, wewe."

Basi. Fundi Mbaraka akafariki, Mungu amrehemu, na baadaye Mzee Nasoro naye akafariki. Baada ya arobaini wakafungua wasia wake. Mimi nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa natengeneza ngazi, wakaniita niwe shahidi kama mtu niliyezoeleka. Mambo mengine yote yalikuwa wazi, vyumba hivi vya fulani, ghorofa ni ya wote. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: "Behewa lisiguswe. Salum aendelee kulitunza."

Watu wakatazamana.

"Behewa?" Bi Zuwena akauliza. "Baba alikuwa na behewa la treni?"

"Mimi sijui behewa lolote, dada," Salum akasema.

"Hujui vipi? Umetajwa wewe kwa jina. Unatunzaje kitu usichokijua?"

"Wallahi sijui."

Mzozo ukaanza. Sasa Bi Zuwena akakumbuka kwamba marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mimi nimekulia kwenye kota za reli, Gerezani. Akanigeukia. "Fundi, wewe hayo mambo unayajua. Hapa nyumbani palikuwa na behewa?"

Jamani, mtu akikuuliza mbele ya watu kwa kukuheshimu vile, mdomo unakuwa mwepesi. Nikatembea mpaka langoni nikiwa nimekunja mikono nyuma kama injinia. Nikatazama vile vyuma viwili sakafuni. Nikatazama lango pana. Ghafla mambo yote yaliyonichanganya miaka yote yakakaa sawa kichwani, nikafurahi mwenyewe. Nikasema, "Bi Zuwena, hii ni reli. Behewa lilikuwa linaingia hapa."

Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwangu. Naomba mlikumbuke hilo, wanangu. Ilikuwa mfukoni, na sikuitoa. Wala sikujiuliza kutoka stesheni mpaka pale kuna mitaa mingapi, na hilo behewa lilipitaje katikati ya maduka ya watu. Hakuna aliyejiuliza. Kila mmoja alikuwa anamtazama Salum.

Kutoka siku ile maneno yakawa mengi. Mara Salum alilikata akapeleka chuma chakavu, mara lilichukuliwa vipande vipande marehemu akiwa mgonjwa kitandani. Salum alienda mwenyewe stesheni kuulizia. Alirudi amechoka, wamemcheka kule. Aliniuliza mimi, "Fundi, una hakika?" Nikamwambia, "Salum, mimi mtoto wa reli." Mpaka leo jibu lile likinijia nikiwa nakula, chakula kinanishinda.

Bi Zuwena akaamua kwamba kama behewa limeshapotea, ua nao wa nini. Auezeke mabati, amwage jamvi la zege chini, apangishe stoo ya marobota ya mitumba. Kazi akanipa mimi. Asubuhi ya kuanza tukamkuta Salum amesimama katikati ya ua na ufagio wake.

"Dada, baba hakupenda ua huu uzibwe," alisema. Hakupaza sauti.

"Baba hakupenda behewa lake lipotee! Limepotea au halijapotea?"

Salum alimalizia kufagia pembe moja. Kisha akaenda kuegemeza ufagio chini ya pete ya tatu, akatoka kwa lile lango kubwa, hakurudi. Mimi nikawaambia vijana wangu, haya, changanyeni zege.

Alienda kufanya biashara ya viatu vya mitumba Mchikichini. Ndugu wale wawili wakawa wanakutana misibani tu, huyu akiingia ukumbini yule anatoka. Watoto wao walikua hawajuani. Na mimi nilikuwa nikipita Mchikichini nanunua viatu upande mwingine, ili tusikutane.

Nyumba nayo ikaanza kuumwa. Baada ya masika mawili matatu kuta zikawa zinatoka jasho, chumvi inachanua juu ya lipu, ukipitisha kiganja unabaki na unga. Wageni waliokuwa wakilala vyumba vya juu wakawa wanalalamika nguo zinanuka uvundo. Bi Zuwena akaniita. Mimi nikafanya nini? Nikapaka simenti. Naam, mimi mwanafunzi wa Mbaraka! Sikutaka kukumbuka maneno yake, kwa sababu ningeyakumbuka ningekumbuka na jamvi, na kwenye jamvi ningemkumbuka Salum. Masika yaliyofuata simenti yote ikabanduka vipande vipande kama biskuti, imeng'oa na mawe. Afisa mmoja wa majengo akapita, akatikisa kichwa, akasema nyumba inaelekea kuwa hatari. Bi Zuwena akaniambia, "Fundi, nimechoka. Naivunja, wajenge fremu za maduka. Njoo wiki ijayo unionyeshe vitu vya kuokoa, milango na boriti."

Wiki hiyo ndiyo aliyokuja Bi Rukia, shangazi yao, dada wa marehemu Mzee Nasoro. Alikuwa ametoka Unguja kufuata daktari wa macho. Miaka mingi alikuwa hajavuka, magoti yalimsumbua. Tukamshika mkono kumwingiza langoni, mimi kulia, Bi Zuwena kushoto. Pamejaa marobota, giza, joto, taa ya umeme inawaka saa nne asubuhi. Mama wa watu akasimama, akanusa, akainua uso kwenye mabati.

"Ee, Zuwena," akasema, "na hili behewa la kaka mmeliezeka kwa nini? Watu wapate wapi hewa?"

Bi Zuwena akauachia mkono wake. "Shangazi, umesema nini?"

"Nimesema mmeliziba behewa. Hapa si ndipo kaka alipokuwa anatandika mkeka wake alasiri? Kila akipiga simu ananiambia, nipo behewani napunga upepo, Salum kashanifagilia."

"Behewa si la treni?"

"Treni ya nini, mwanangu? Behewa, ua wa ndani. Kila nyumba ya kwetu kubwa ina behewa. Nyinyi watu wa Dar mmekulia Kiswahili gani?"

Mimi nilikaa juu ya robota. Sikuomba ruhusa. Neno lilikuwa lile lile, na hata hewa imo ndani yake, ingawa wasomi huenda wakanisahihisha. Sisi wa Dar tunalijua kwa treni, mzee wa Unguja alilijua kwa ua wa nyumba yake, ingawa kwetu sisi alisema ua tu, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mtu wa Unguja. Na kwenye wasia aliandika "aendelee". Salum aendelee. Mtu huendelea na jambo analolifanya tayari, na sote tulimuona akilifanya kila asubuhi ya Mungu.

Bi Zuwena hakulia. Alinitazama mimi. "Fundi," akasema, "wewe si uliniambia ni reli?"

Hapo ndipo nikatoa futi. Miaka yote hiyo, ndipo nikaitoa. Tukasogeza marobota langoni, nikapiga magoti, nikapima. Reli ya baba yangu ilikuwa mita moja kutoka chuma hadi chuma, nimetembea juu yake utoto wangu wote kwenda shule. Vile vyuma viliachana karibu mita moja na nusu, na upande wa uani vilitanuka zaidi. Juu vimelika katikati, vimefanya shimo kama kijiko. Bi Rukia akaniuliza napima nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika goti. "Hiyo njia ya magurudumu, mwanangu! Mikokoteni ilikuwa inatoka shamba na nazi na nafaka, inaingia hapa na mizigo yake. Punda wanafungwa kwenye pete, wanakunywa maji kwenye hodhi, watu wanalala juu. Hayo mawe ya pembeni ni ya kuzuia gurudumu lisile ukuta. Halafu yakaja malori, halafu watu wa mabasi ya bara wakati stendi iko huku mjini. Kaka aliikuta hivyo hivyo." Kila kilichonichanganya tangu siku ya kwanza, mama asiyeona vizuri alinieleza ndani ya dakika mbili.

Kesho yake nilienda Mchikichini, na safari hii nilipita upande wake. Salum alikuwa anapangusa kiatu kwa kitambaa, mvi zimemjaa.

"Fundi Omari. Umefuata viatu?"

"Nimekufuata wewe."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye mabati, nikarukia macho ya shangazi. Akaniambia, "Tulia. Rudia." Nikarudia.

"Yaani," akasema taratibu, "behewa lenyewe ndilo nililokuwa nafagia?"

"Ndilo."

Akakiweka kile kiatu chini. "Unajua, Fundi, mimi nilishaanza kuamini. Nilikuwa naota nimelisahau mahali. Naamka nalitafuta. Nikajiambia labda baba aliniambia, nikawa siko makini, nikalipoteza kweli."

"Salum, ni mdomo wangu. Nilisema reli na sikupima. Naomba unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alinitazama sana, akauliza, "Dada amekutuma?"

"Hapana. Anaona aibu."

"Basi mwambie aje mwenyewe."

Bi Zuwena alienda mchana ule ule. Nilimsindikiza kwa bajaji, nikabaki nayo barabarani. Nilimuona tu kwa mbali, mama mzima na baibui lake katikati ya malundo ya viatu vya watu, ameinama. Walichoongea sikijui, na sikuuliza.

Nyumba haikuvunjwa. Tulitoa marobota, tukashusha mabati, na lile jamvi nililimwaga mwenyewe na nikalivunja mwenyewe kwa nyundo, vijana wangu walitaka kunisaidia nikawafukuza. Chini yake mawe ya zamani yalikuwepo, na mfereji umejaa tope. Niliitoa simenti yote kwenye kuta, nikaloweka chokaa mapipa manne, nikapaka upya kama Mbaraka alivyotaka. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Kuta zilichukua miezi kukauka, lakini zilikauka, na leo ukizigonga zinaita vizuri. Kwa hiyo nyinyi mkifika kwenye jengo la zamani, toeni futi kabla ya mdomo. Neno la mwenye nyumba nalo lipimeni, muulizeni ametokea wapi na kwao linamaanisha nini.

Siku niliyomaliza kuvunja jamvi ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Salum akaja na kanzu yake. Akasimama langoni, kati ya yale mawe mawili, hakuingia. Jua lilikuwa linashuka mpaka chini uani kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Vumbi la zege kila mahali, kokoto, vipande vya mabati. Bi Zuwena akaenda kumpokea. Akasema tu, "Karibu behewani, Salum."

Akaingia. Akatazama juu, akatazama mfereji, akatazama ukutani chini ya pete ya tatu, pale palipokuwa patupu. Akakunja mikono ya kanzu yake.

"Ufagio uko wapi?" akauliza.

Fundi mzima mimi, nikatoka mbio kwenda dukani kuununua.